Namba Tisa kwenye Orodha

9 Januari

Mwanangu, binti wa kaka yangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla ya kuifungua bahasha, na kama hujaniamkia basi fanya hivyo sasa, nakusubiri. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeanza kujifanyia mambo yake bila kunishauri. Baba yako naye hajambo, ila jino. Anasema haliumi. Anayasema hayo ameshika shavu kwa mikono miwili, na chai anaimimina upande mmoja tu wa mdomo, halafu anatutazama sisi kama tuna neno.

Darasa langu la taipu mwaka huu lina wanafunzi watatu. Si haba. Mmoja aliniuliza taipureta inachajiwa wapi, nikamwonyesha vidole vyake.

Sasa keti. Nimepata barua kutoka kwenye Shirika lenu la Nyumba. Mimi ni namba tisa. Rudia kusoma: tisa. Nyumba zinazogawiwa mwaka huu katika mji wetu ni ishirini, kwa hiyo hata wakikosea kuhesabu bado nimo. Nilicheza chumbani peke yangu, kati ya kitanda na zile taipureta sita, mpaka mwenye nyumba wa juu akagonga sakafu yake kwa fagio. Nikamgongea na mimi kutoka chini.

Historia yangu na orodha hiyo unaijua. Nilijiandikisha miaka kumi na sita iliyopita, na kila Januari wananiletea karatasi ya namba. Miaka kumi ya kwanza nilisogea vizuri, nikafika sitini na kitu. Kisha nikaanza kurudi kinyumenyume. Mwaka juzi nilikuwa wa 388, mwaka jana wa 412. Nikajua nitapewa funguo nikiwa na miaka mia tatu, na goti hili. Leo ni wa tisa. Na nijisifu kidogo: tangu uajiriwe hapo, miaka sita sasa, sijakuomba hata siku moja uniangalizie namba.

Kesho nakwenda kuulizia kitambaa cha mapazia.

Jambo la mwisho. Redioni wamezungumza juu ya wezi wa kompyuta, kwamba wengine wanakamatwa na wengine hawakamatwi, lakini betri ikaisha kabla hawajasema kwa nini. Wanafunzi wameniuliza. Mwalimu hawezi kusema hajui, kwa hiyo nimewaambia jibu liko njiani linakuja kwa posta. Usiniaibishe.

Ndimi shangazi yako, mpangaji kwa muda mfupi tu sasa


30 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ya akiba. Mimi mzima. Chumba changu bado kinavuja pale juu ya kabati, nimeweka sufuria, na mvua ikinyesha napata muziki. Mwambie Baba kwamba jino halina aibu kama yeye, litamsema hadharani.

Nimefurahi kusikia habari ya nyumba. Hongera sana. Ila usinunue mapazia kwanza.

Sasa wezi wako. Waambie wanafunzi kwamba kompyuta yenyewe haimkamati mtu. Mtu anajikamatisha. Kuna mmoja aliingia kwenye kompyuta ya duka kubwa, akafungua kila mlango, akazima kila king'ora, kazi safi kabisa. Kesho yake akapiga simu dukani kulalamika kwamba kompyuta yao iko polepole mno, inampotezea muda. Wakamwomba jina ili wamshughulikie. Akalitaja, na ubini juu.

Mwingine alikuwa mwanafunzi wa chuo. Aliingia kwenye kompyuta ya walimu akajipa alama tisini katika masomo yote. Kwa furaha hakuangalia anapobonyeza, akajipa tisini hata katika somo ambalo hakulisoma, la ukunga. Chuo kikamwita kumpongeza, maana angekuwa mkunga wa kwanza mwenye ndevu pale chuoni. Na yuko wa tatu, aliyejificha miaka minne bila kuonekana hata kivuli, kisha akamtumia mama yake salamu kwa kutumia jina lilelile la wizi, kwa sababu alikuwa amechoka kuwa hodari bila mtu wa nyumbani kujua. Huyo nilimhurumia.

Kwa hiyo wanaokamatwa ni wenye mazoea, wenye majivuno na wenye mama. Wasiokamatwa ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wanaonyamaza, nao ni wachache. Wa pili ni wale ambao aliyeibiwa ndiye anayenyamaza. Ofisi ikiingiliwa, wakubwa wanaona haya, wanafunga mlango, wanatangaza kwamba mashine imeharibika, na mwizi anakula kuku kwa mrija.

Nisalimie wote. Kuhusu mapazia, tafadhali.

Mwanao


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba mbili, nimezipokea. Mkunga mwenye ndevu ameniua. Nimewasomea darasani, tukacheka mpaka mmoja akaanguka juu ya mashine namba nne na kukwamisha herufi saba kwa mkupuo, tukatumia nusu saa kuzinasua kwa koleo.

Baba yako amekwenda kwa daktari wa meno, ameketi kwenye benchi, ameitwa jina lake, amesimama, amerudi nyumbani. Anasema foleni ilikuwa ndefu.

Kitambaa nimenunua. Cha kijani, chenye maua madogo. Lakini nimekaa nikaisoma barua yako tena, na mimi nimefundisha watu kuandika barua kwa miaka thelathini na minne, nazijua zilivyo. Wezi umewapa kurasa mbili. Nyumba yangu umeipa mistari miwili, na mmoja wa hiyo unahusu mapazia. Binti uliyekuwa ukiruka juu ya kitanda kwa sababu nimekuletea kalamu mpya, leo nakuambia napata nyumba, wewe unasema “hongera sana” kama karani wa dirishani.

Una nini? Usinipigie simu. Simu haina nakala. Niandikie.

Shangazi


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuwa naogopa kukuandikia, nikajipa kazi ya kufua kila kitu ndani ya chumba, pamoja na mapazia yangu ambayo hayakuwa machafu.

Nimesimamishwa kazi tangu mwezi wa kwanza. Tarehe 22 Aprili nitasimama mbele ya kamati ya nidhamu, na nikishindwa nafukuzwa na kupelekwa polisi.

Ni hivi. Kuna mtu ameingia kwenye orodha ya nyumba ya mji wenu. Ameingia siku tatu tofauti, kila mara saa saba na dakika kumi mchana, wakati sisi sote tunakula. Amewachukua watu tisa waliokuwa kwenye mia nne huko na kuwapandisha juu kabisa. Wewe ndiye wa tisa. Aliingia kwa neno langu la siri, kwa sababu mtunza kompyuta ni mimi na mwenye ruhusa ya kugusa orodha ni mimi peke yangu. Utauliza amelipataje neno la siri. Lina herufi kumi na nne, Shangazi, na mimi nina kichwa kimoja, kwa hiyo nililiandika kwenye kikaratasi nikakibandika pembeni ya kioo cha kompyuta. Mimi, ambaye kila mwaka nawapa wenzangu somo la kutobandika vikaratasi. Naruhusu ucheke. Kamati haikucheka.

Ngoja, bado hujasikia. Kompyuta yetu inaandika kila anayebisha hodi, hata akikosea jina. Siku zote tatu, kabla ya kuingia kwa neno langu, mgeni huyo aliandika kwanza hivi mahali pa jina: kakakalalasasadadakakaa. Kisha akabonyeza kitufe cha kushuka mstari, kompyuta ikamkataa, ndipo akaingia vizuri.

Wakubwa wamemkodi mtaalamu mwenye tai. Ameutazama mstari huo wiki mbili. Amesema ni lugha ya siri ya genge la nje, na ameomba wiki mbili nyingine. Mimi niling'ata ulimi. Kaka kalala, sasa dada kakaa. Ni zoezi lako la kuogesha vidole. Maneno yote yako kwenye safu ya katikati, vidole vinapopumzikia, na kwako hakuna anayegusa kazi kabla hajayachapa na kuusukuma mkono wa mashine mwisho wa mstari. Kwenye taipureta unashuka mstari tu. Kwenye kompyuta umebisha hodi.

Kwa hiyo tazama nilivyofungwa kamba: neno la siri ni langu, jina lililopandishwa ni la shangazi yangu, na zoezi ni la shangazi yangu. Nikiwaeleza maana ya mstari ule nazidi kujizamisha.

Ni mwanafunzi wako, Shangazi. Yuko ndani ya Shirika. Ni nani?

Mwanao mwenye roho juu


24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako ameng'olewa jino hatimaye. Tulimpeleka watu wanne, mmoja kila upande. Sasa analibeba mfukoni na kumwonyesha kila anayesimama sekunde mbili, na jana alimwonyesha tarishi, ndiyo maana barua zetu zinachelewa.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Mkono wa kujibu sikuwa nao.

Jina sitakupa. Usinune. Nimefundisha mamia, na huenda nimekosea, na hata kama sijakosea, mtu aliyekaa mbele yangu nikamshika vidole vyake kimoja kimoja siwezi kumtaja kwa kalamu halafu nikalala. Jambo moja tu nitakuambia, nawe ulifikirie. Kama ni huyo ninayemdhania, basi darasani alikuwa akichana ukurasa mzima kwa herufi moja iliyokaa vibaya. Hajui kuchapa uongo, vidole vyake havifiki. Kama amechapa kwamba mimi ni wa tisa, basi usitafute ni nani. Tafuta kwa nini tisa.

Mapazia nimeyakunja nikayaweka chini ya kitanda. Usifikiri sikuumia. Niliumia, nikanywa chai, nikaendelea kuumia.

Lakini wewe hutakwenda mikono mitupu mbele ya watu hao. Nimefungua rejista yangu ya zamani nikakutengenezea kitu, kimo humu ndani ya bahasha, na nakala ya kaboni ninayo. Kisome kwa sauti na usione haya. Kina muhuri.

“CHETI CHA KUSHINDWA. Hii ni kuthibitisha kwamba binti aliyetajwa hapo juu alihudhuria darasa la kuchapa kwa siku tatu, likizo ya mwezi wa nane, kisha akatoroka kupitia dirisha la choo. Kasi: maneno saba kwa dakika. Makosa: kumi na moja katika maneno hayo saba. Anatumia vidole viwili, na kimojawapo si cha kutegemewa. Zoezi la kuogesha vidole alilikataa kwa maneno makali. Kwa maoni ya mwalimu, hana uwezo wa kulichapa hata akilipwa. Mwalimu ni shangazi yake na angependa sana kuandika vinginevyo.”

Piga moyo konde.

Shangazi


28 Aprili

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa sakafuni kwa sababu kiti kimejaa karatasi. Mwambie Baba nimempa pole ya jino, na alizike sasa, limetembea vya kutosha.

Kamati walikuwa watano, meza ndefu, glasi za maji zimefunikwa na visahani. Mwenyekiti alianza kwa uso wa kuchinja. Mtaalamu mwenye tai akaeleza genge lake kwa picha na mishale. Kisha nikaambiwa nijitetee. Nikasimama, nikasoma cheti chako chote, na muhuri nikautaja.

Kwenye dirisha la choo mmoja wao alikohoa. Kwenye “si cha kutegemewa” Mwenyekiti alivua miwani akaifuta bila sababu. Wakaniletea kibodi, wakanifunika macho kwa skafu ya mjumbe mmoja, wakaniamuru nichape ule mstari mara moja bila kukosea. Nilitumia dakika mbili. Kilichotoka, kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao, ni “kskakls;lasdsdadska” na alama ya asilimia. Hapo wakaangua kicheko wote watano, Shangazi, kicheko cha watu wazima kabisa, mpaka mlinzi akachungulia. Sijawahi kufurahi kushindwa namna ile. Mtaalamu alijaribu kusema labda najifanya. Mwenyekiti akamwambia, “Bwana, huku si kujifanya. Huku ni kipaji.”

Basi wakati tunacheka, aliyekuwa akichapa kumbukumbu za kikao aliacha kuchapa. Ni Katibu Muhtasi wa Mkurugenzi, mama mtu mzima, anayeshona vifungo vya shati la kila mtu ofisini na ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alisimama, akainyoosha sketi yake, akasema, “Kumbukumbu ziandikwe na mtu mwingine. Aliyeingia ni mimi.” Najua sasa kwamba ulikuwa unamjua.

Akatoa mkobani nakala ya kaboni, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Ni orodha ya kwanza ya mji wenu. Aliichapa mwenyewe miaka kumi na sita iliyopita, na kila aliyepata nyumba alimpigia mstari kwa penseli. Ukiwaondoa waliopigiwa mstari, wanaobaki juu ni watu tisa, na wa tisa ni wewe. Hakumpendelea mtu. Aliwarudisha palepale walipostahili kuwa. Kamati ikamwuliza, sasa nani aliwasukuma hao hadi mia nne? Akasema, “Hilo sikulichapa mimi.” Mkuu wa Mgao, bwana anayegawa nyumba, alikuwa amekaa pembeni kama msikilizaji. Akasema lazima ni hitilafu ya mashine. Wakaandika hitilafu ya mashine. Mimi nikasafishwa, Katibu Muhtasi akasimamishwa na kesi yake imepelekwa polisi, na kikao kikafungwa kwa chai.

Na chai ile niliiacha mezani, Shangazi, nami nakuambia kwa nini.

Si mashine. Ni mimi. Miaka sita Mkuu wa Mgao ananipitia mezani na vikaratasi kwa mwandiko wake: ingiza huyu namba nne, ingiza hawa kuanzia namba kumi. Akisema ni wagonjwa, nilisema sawa. Akisema ni amri ya juu, nilisema sawa. Baadaye hakusema kitu, na bado nilisema sawa. Kila ninapomwingiza mtu mmoja juu, walio chini wote wanashuka hatua moja, na sikuwahi kushuka na macho yangu nikaangalia ni nani. Jumla ni majina mia nne na matatu. Nimehesabu leo, maana vikaratasi sikuvitupa, vimo kwenye mkebe wa biskuti. Leo ungekuwa namba tisa; kwa vidole vyangu viwili nimekusukuma hadi namba 412.

Kamati imenisafisha kwa kosa nisilolifanya na haikuniuliza nililolifanya. Mkuu wa Mgao hakamatiki, kwa sababu kidole chake hakijagusa kitufe hata kimoja. Jumatatu ijayo nitaupeleka mkebe kwa Mwenyekiti. Naogopa sana, lakini naogopa zaidi kukutazama usoni.

Nisamehe, ukiweza.

Mwanao


15 Mei

Binti wa kaka yangu,

Barua yako nimeipata. Wote wazima. Nitakuandikia nikipoa.

Shangazi


24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mistari yako mitatu nimeisoma kama mara arobaini, na kila mara nilikuta imebaki mitatu. Sikulaumu.

Niliupeleka mkebe. Mwenyekiti alinikaribisha vizuri mno. Alichukua kikaratasi kimoja, akakigeuza, akakirudisha ndani kama mtu aliyeshika kaa la moto. Akasema, “Binti, nani amelalamika?” Nikasema mimi. Akasema, “Wewe ndiye uliyetenda, huwezi kujilalamikia. Palipoibiwa pana mlalamikaji. Hapa sijamwona. Umeshasafishwa, unataka nini tena?” Akafunga mkebe kwa kiganja, taratibu, akanisogezea. Kazini nimerudishwa tangu Jumatano. Mkuu wa Mgao amenisalimia kwa jina langu la utani, jambo ambalo hajalifanya miaka sita.

Orodha imerudishwa ilivyokuwa kabla ya Katibu Muhtasi kuigusa. Wewe ni wa 412. Kesi yake inaendelea, na atashindwa, maana aliingia kweli na amekiri. Nilikwenda kumwona. Alinipokea mlangoni, akaniambia kifungo changu cha mkono kimelegea, akakishona palepale nikiwa nimesimama. Nikalia kwenye sindano yake.

Nimefika ukutani. Nina mkebe, nina ukweli, na hakuna anayeutaka.

Mwanao


10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako anakusalimu. Jino limezikwa.

Nilikasirika siku kumi na mbili. Sitakuficha, ulikuwa nami humu chumbani kila siku nakugombeza, mpaka wanafunzi wakadhani nasemezana na mashine. Mia nne na tatu! Hata mara moja tu, kwa huruma, ungeinua macho uone nani anashuka. Wewe uliyetoroka darasa langu kupitia dirishani kwa sababu hupendi kuamrishwa, ulikwenda kukaa mahali ukaamrishwa miaka sita na kikaratasi. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko nyumba. Siku ya kumi na tatu niliamka nikakuta hasira imebaki kidogo, ya kutosha kazi moja, nikaogopa isije ikapotea bure.

Nikavaa viatu vya kutokea nikaenda polisi. Nikamwambia afisa wa zamu, nimekuja kulalamika. Akaanza kuchukua maelezo yangu kwenye kompyuta, kwa kidole kimoja, tena cha gumba. Nilivumilia mpaka sentensi ya pili, kisha nikamwomba ahame kiti. Nikaogesha vidole, nikachapa mwenyewe kurasa tatu bila kosa, yeye amesimama nyuma yangu, kofia yake mkononi. Nimeandika kwamba mimi, wa tisa kwa haki, nimeporwa nafasi yangu, na kwamba ushahidi umo kwenye mkebe wa biskuti. Nimewalalamikia watu wawili: aliyeamuru na aliyebonyeza. Na nimeandika kwamba Katibu Muhtasi ni shahidi wangu, niliyemfundisha mwenyewe, na kwamba alichochapa ni kweli.

Afisa alipofika kwenye jina la mshtakiwa wa pili akaniuliza, “Huyu ni ndugu yako?” Nikamwambia ni binti wa kaka yangu. Akatazama dirishani. Akasema, “Mama, tukiliondoa jina hili kesi bado inasimama.” Nikamwambia itasimama kwa mguu mmoja, na goti bovu nalijua. Yule bwana hatakamatika bila wewe kusimama karibu yake na kusema aliyoyasema. Usinichukie. Nilipochapa jina lako nilitafuta kila herufi kwa macho, na hiyo haijawahi kunitokea hata siku ya mtihani wangu wa mwisho.

Wito wa mahakama umeshatoka. Ni Jumatatu ya tarehe 30, saa tatu asubuhi, huko kwenu, na mlalamikaji anatakiwa kufika mwenyewe. Huko sina mtu mwingine. Kwa hiyo nilimwuliza afisa kama sheria inamkataza mlalamikaji kufikia kwa mshtakiwa. Alifungua kitabu chake kikubwa, akasoma kurasa nyingi, akamwita na mkubwa wake akasoma naye. Hawakupata mahali palipokatazwa.

Basi nitaingia Jumapili mchana. Njoo unipokee stendi, nitakuwa na sanduku zito. Nitandikie upande wa ukutani, kwa sababu ya goti. Asubuhi yake nitasimama mbele ya watu wote na kueleza ulichonitenda, bila kupunguza neno hata moja. Nikimaliza nitakaa benchi lako, kando yako, mpaka wamalize.

Shangazi yako